Alimwanika Hadharani, Akamwomba Radhi Inbox: Kisa cha Dada wa Keki na Mwandiko wa Brashi

Kuna dada mmoja anauza keki Sinza. Majina yabaki pembeni, wanaomjua wanamjua. Alimlipa elfu thelathini kijana mmoja anayedizaini kwa simu, akatengenezewa logo ya pinki, herufi nene zimeshikana kama zimepakwa kwa brashi. Aliipenda kufa! Akaiweka kwenye maboksi, kwenye aproni, mpaka kwenye bajaji inayopeleka oda.

Miezi ikapita, mteja akamtumia picha ya boksi la keki kutoka Mbagala. Jina lingine, ila mwandiko ule ule, mpaka kamkia ka "a". Dada hakuuliza mtu. Akaziweka picha mbili pamoja kwenye stori yake, akamtaja kijana: "Mwizi huyu, kauza logo yangu mara mbili."

Mjini hapa habari haina breki. Kufikia jioni wateja wawili wa kadi za harusi walishadai kianzio chao. Mama mzazi wa kijana akaambiwa na jirani kwamba mwanae ni tapeli. Huyo kijana hana ofisi wala cheti, ana jina lake tu. Na hilo jina ndilo lilikuwa linachomwa moto.

Sasa ukweli ni huu. Ile fonti inaitwa Pacifico, ilichorwa na Vernon Adams mwaka 2011, akivutiwa na maisha ya vijana wa Marekani wa miaka ya 1950 waliokuwa wakiteleza kwenye mawimbi ya bahari. Iko Google Fonts, bure, na leseni yake inaruhusu kuitumia hata kwenye biashara. Adams alifariki 2016, ila mwandiko wake bado unaonekana kwenye saluni, migahawa na kadi za harusi sehemu nyingi duniani. Kwa hiyo yule wa Mbagala hakuiba, na kijana hakuuza kitu mara mbili.

Na mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko bibi zetu wengine. Brush Script ya Robert E. Smith ilitolewa na kampuni ya American Type Founders mwaka 1942, enzi za herufi za risasi. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoa Mistral, akifuata mwandiko wa mkono wake mwenyewe. Walioangalia filamu ya Drive ya 2011 wameshaiona, yale maandishi ya pinki pale mwanzoni. Wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: herufi ya mashine ionekane imeandikwa na mtu.

Na ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Ukiona herufi za kawaida za gazeti huwezi kusema "hizi ni zangu". Ila za brashi zina joto, unahisi kuna mtu alikaa akaliandika jina lako. Kumbe kila herufi imechorwa mara moja tu, mkia wake ukaachwa pale ambapo inayofuata inaanzia. Kazi ngumu hiyo! Herufi kama b, o, v na w zinamalizia juu, nyingine zinamalizia chini, na Kiswahili kimejaa "wa" na "vi". Dizaina akiziachanisha kidogo tu, mwandiko unakatika. Akiandika zote kubwa, hakuna anayesoma.

Kijana hakujibu matusi. Alienda Sinza na simu yake, akaandika jina la dada, la duka la jirani, na la mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Yote kwa fonti ile ile, dakika haijaisha.

"Dada, hii siyo yako, siyo yangu, wala siyo ya yule wa Mbagala."

Dada akamwangalia. "Sasa mdogo wangu, elfu thelathini yangu nililipia nini?"

Aisee, hapo kijana alinyamaza. Swali lilikuwa la haki. Rangi alichagua yeye, mpangilio alipanga yeye, alijaribu mpaka ikasomeka vizuri kwenye boksi dogo. Hiyo ni kazi na inalipiwa. Ila hakuwahi kumwambia mteja wake kwamba herufi ni za wote. Alimwacha aamini kaandikiwa yeye peke yake, kwa sababu kuamini hivyo kulifanya bei isihojiwe.

Akamwonyesha kitu kingine. Jina la biashara lina "a" mbili zilizofuatana, na kwenye logo zilikuwa zinafanana kama sarafu mbili za mia. Mkono wa mtu hauandiki hivyo. Akarudi nyumbani, akanunua brashi na wino, akaliandika lile jina kurasa na kurasa. Akachagua moja, akalipiga picha, akalichora upya kwenye simu. Safari hii "a" ya pili imelala kidogo kuliko ya kwanza. Hakuongeza hata senti.

Maboksi ya sasa yana huo mwandiko mpya, na umependeza, wivu pembeni. Lakini ile stori ilikaa saa 24, na skrinshoti zake zinazunguka mpaka leo. Wale wateja wa kadi hawakurudi. Dada aliomba radhi kweli, tena kwa maneno mazuri, ila aliomba inbox. Kumwita mwizi ilikuwa mbele za watu, kumsafisha ikawa chumbani.

Kijana anasema yameisha. Mama yake anasema bado, mpaka jirani naye asikie.

Nani yuko sahihi hapo? Funguka hapo chini, ila bila kutaja majina.