Yeye wa Kwetu na Yeye wa Kiingereza

Katika mwaka wa 1996, nilipokuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya sekondari huko Newala, mwalimu wa Kiingereza alitutaka tuandike insha juu ya mtu tumpendaye. Nikaandika juu ya bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Masasi tangu nilipoachishwa ziwa. Niliandika kwa moyo wote, kurasa mbili na nusu, wala sikuacha jambo: jinsi alivyoamka kabla ya jogoo kwenda kuokota korosho, jinsi alivyochemsha ming'oko akanipa iliyo laini, na jinsi alivyoniita mume wangu mbele ya watu mpaka nikaona haya. Siku ya kurudishiwa kazi, mwalimu aliichukua insha yangu akaisoma kwa sauti. Sentensi ya kwanza naikumbuka hata leo: "My grandmother he wakes up very early." Nikamfanya bibi kuwa mwanamume tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Darasa lilicheka, mwalimu naye akacheka, na kabla ya kengele ya mapumziko nilikuwa nimekwisha pewa jina jipya, Bibi Ndevu. Jina hilo lilinifuata bwenini, kisimani na uwanjani. Toka siku hiyo hata nilipofika kidato cha tatu sikuinua mkono katika somo la Kiingereza.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu, na sentensi ile nimeipima mara nyingi kama fundi anayerudi kutazama ukuta ulioanguka. Ilikuwa na makosa mawili, na mwalimu alicheka moja tu. Kosa la kwanza ni hilo la "he". Kiswahili chasema "yeye" kwa mume na kwa mke, na kitenzi chake huchukua "a-" bila kuuliza habari za jinsi. Kiyao cha bibi yangu hufanya vivyo hivyo, na Kimakonde na Kimakua pia. Mtoto wa Masasi aweza kujua lugha tatu au nne za nyumbani, na katika zote asikutane hata mara moja na sharti la kutaja mume au mke kila amtajapo mtu. Kiingereza humlazimisha: "he" kwa mume, "she" kwa mke, "it" kwa kitu. Si neno jipya analofundishwa mtoto huyo, bali ni swali jipya, na swali lenyewe lazima alijibu kabla hajafungua kinywa.

Kosa la pili ndilo la maana zaidi kwa mwanafunzi wa sarufi, ingawa halichekeshi. Niliandika "My grandmother he wakes" kwa sababu nilisikia "Bibi yangu a-naamka." Kiambishi "a-" katika Kiswahili hakiepukiki hata mtenda akiwa ametajwa kwa jina lake. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kiwakilishi chake husimama mahali pa jina, na jina likiwapo kiwakilishi huondoka. Viti viwili havikai mtu mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo sisi tunaposema "Mimi nimekwenda", neno "mimi" ni la kutilia mkazo, maana "nimekwenda" yatosha. Mwingereza hana ruhusa hiyo. Akiacha "I" sentensi yake imekufa. Naye akitaka mkazo hana budi kuinua sauti au kusema "I myself". Laiti mwalimu wangu angalitueleza jambo hili moja kwa dakika tano, nadhani nusu ya wino mwekundu wa darasa lile usingalimwagika.

Nasema haya bila kinyongo kikubwa, kwa kuwa kicheko cha namna hii kiliwahi kupita njia ya pili. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitembea kwa miguu kutoka Lindi akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa, wakafanya makazi Masasi chini ya yale majabali yetu. Steere alikuwa amekwisha toa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka wa 1870, na ndani yake alihangaika na viwakilishi vyetu kama nilivyohangaika mimi na vyao. Chauncy Maples, aliyemfuata Masasi, alitoa mwaka wa 1879 mkusanyo wake juu ya lugha ya Kimakua. Na baada ya Masasi kushambuliwa na Wagwangwara mwaka wa 1882, kazi ya misheni ikahamia pia Newala, juu ya uwanda. Nikiwaza wazungu hao wamekaa barazani na daftari, wakiuliza "it" ni nini kwa lugha yetu, nawahurumia. Maana "it" yao moja kwetu hugawanyika. Mti ukianguka, "umeanguka", jiwe likianguka, "limeanguka", kinyago, "kimeanguka", nyumba, "imeanguka". Mbuzi naye, ambaye Mwingereza humwita "it" bila aibu, kwetu "ameanguka" kama mtu. Yamkini wazee wetu nao walicheka sana jioni walipokwenda zao.

Viwakilishi vya kumiliki ndivyo vilivyonitesa baada ya hapo. Katika Kiswahili kimilikiwacho ndicho hutawala: kisu chake, shamba lake, mikorosho yake. Katika Kiingereza mwenye mali ndiye hutawala: "his" ikiwa mali ni ya mume, "her" ikiwa ya mke, na mali yenyewe haina sauti. Basi mwanafunzi wetu akitaka kusema "mke wake" huandika "her wife", kwa kuwa jicho lake limekaa kwa mke, mahali ambapo lugha yake imemzoeza kutazama. Nimeliona kosa hili hata kwa watu wenye shahada. Dawa yake ni kumfundisha ageuze shingo: asitazame kilichomilikiwa, amtazame mwenyewe. Na akumbuke kwamba "my" huhitaji jina mbele yake, hali "mine" husimama peke yake. Viwakilishi vya kujirejea si vigumu kwa mtu aliyezoea "-ji-", ila "-ji-" yetu ni moja kwa nafsi zote, na yao hubadilika kila nafsi. Juu ya "who" na "whom" sitapoteza karatasi. Wenyewe wameanza kuichoka "whom".

Lakini lililonifanya niandike insha hii ni neno dogo kuliko hayo yote, nalo ni "you".

Likizo ya kwanza nilishuka kutoka Newala kwenda Masasi. Newala iko ukingoni mwa uwanda, na gari huteremka kwa mizunguko mpaka nchi tambarare yenye majabali. Bibi alinipokea kwa vigelegele, akanikalisha mkekani, akataka nimwonyeshe Kiingereza changu. Sikumwambia habari ya Bibi Ndevu. Nilimfundisha "I" na "you". Akakaa kidogo, akauliza, "Mume wangu, mjomba wako akija hapa, utamwitaje kwa Kiingereza?"

"You," nikajibu.

"Na mdogo wako je?"

"You."

"Na mbwa yule?"

"You, bibi."

Alinitazama kwa huruma. Yapasa msomaji ajue kwamba katika Kiyao kuna "ugwe" kwa mtu mmoja wa rika lako au mdogo wako, na "umwe" kwa watu wengi, na "umwe" hiyo hiyo ndiyo aitwayo mkubwa mmoja kwa heshima. Kumwambia mjomba "ugwe" ni kumvua nguo. Kwetu ukoo hufuata kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wapwa wake. Karo yangu ya shule ilitoka kwa mjomba huyo, mwanawe bibi, kwa magunia ya korosho. Hata Kiswahili tukisemacho Masasi kimeingiwa na adabu hii: mpaka leo nikimsalimu mzee mmoja ulimi huteleza kwenye "mmeamkaje". Basi bibi alitikisa kichwa akasema, "Kumbe Wazungu hawana wajomba." Kisha akaenda kutia kuni jikoni.

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, katika maktaba, nikisomea udaktari, nilipokuwa nikitafuta jambo lingine kabisa. Zamani Waingereza walikuwa nayo "ugwe" yao, nayo ni "thou", na "umwe" yao, nayo ni "you". "You" ilikuwa ya wingi. Kisha tangu karne ya 13 hivi wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa neno la wingi, kama Wafaransa walivyofanya, na kama Wayao wafanyavyo. Heshima ikapanda bei. Kila mtu akaogopa kumwudhi mwenzake kwa "thou", wakamwambia "you" bwana, kisha jirani, kisha muuza samaki, kisha mtoto, na mwishowe mbwa. Kufikia karne ya 17 na ya 18 "thou" ilikuwa imetoweka katika mazungumzo ya kawaida ya mji, ikabaki katika baadhi ya lahaja na mahali pachache pengine. Kwa hiyo Mwingereza amwambiapo mbwa "you", kwa asili ya neno anampa heshima ya mjomba. Bibi alikuwa amekwisha fariki dunia niliposoma haya. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe wa chuo kwa muda mrefu, nikiwa na jibu la swali na sina wa kumpa.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilisimamia tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa kike kutoka sehemu zetu, aliyechunguza nyimbo za unyago. Tasnifu ilikuwa ya Kiswahili, na ikisiri ya Kiingereza iliambatana nayo kama ilivyo desturi. Katika ikisiri hiyo nyakanga, yule mama aongozaye wasichana, aliitwa "he" mara saba. Nilicheka. Nilimsomea mwenzangu wa ofisi, naye akacheka, na mlango ulikuwa wazi. Mwanafunzi alikuwa amesimama nje akisubiri zamu yake.

Ningependa kusema kwamba nilimwona mara moja nikatahayari, sivyo. Nilimwita ndani nikamweleza kosa kwa ukavu, naye akaitikia, akachukua karatasi zake. Ni usiku nilipokumbuka uso wake ndipo nilipolisikia tena lile darasa la Newala. Kesho yake nilimwomba radhi, nikamsimulia habari ya Bibi Ndevu. Alicheka kwa adabu, kisha akaniambia jambo ambalo mimi, mwenye udaktari, sikuliona. Alisema kosa lake halikuwa la sarufi tu. Kwa "he" zile saba alikuwa amemwingiza mwanamume katika nyumba ya unyago, jambo ambalo bibi zake wangelitolea laana. Na zaidi ya hayo alisema, "Mwalimu, kwa Kiswahili sikuwa na haja ya kueleza kuwa nyakanga wangu ni mwanamke, nilidhani kila mtu anajua. Msomaji wa mbali angejuaje?" Akarudi kwenye tasnifu ya Kiswahili yenyewe, akaongeza neno "mama" mahali panapostahili.

Waingereza nao, ajabu, wana haja ya "yeye" yetu. Tangu karne ya 14 wamekuwa wakitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsi yake, hasa baada ya "everyone" na "somebody", na walimu wa sarufi wa baadaye wakaikemea bila kuiua. Leo imekubaliwa na wengi, na mwaka wa 2019 kamusi ya Merriam-Webster iliichagua kuwa neno la mwaka. Nawafundisha wanafunzi wangu wasiiogope.

Mwaka jana nilikwenda Masasi kumtazama mjomba. Amezeeka, lakini masikio yake ni mazima. Nilimsimulia habari ya "thou" na "you" tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa mama yake hayupo. Alisikiliza kimya huku akipuliza chai.

"Na hiyo 'ugwe' yao," akauliza, "haikubakia kwa mtu ye yote?"

"Ilibakia kanisani, mjomba. Walimwambia Mungu katika sala."

Akaweka kikombe chini. "Mungu wamwambie ugwe, na mbwa wamwambie umwe?"

"Naam, ndivyo mlivyosema."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwita mkewe aje asikie, nikalazimika kuianza upya.