Kamusi, visawe na lile neno "alikiri"

Hivi umewahi kuhesabu neno "alisema" limetokea mara ngapi katika habari moja ya gazeti? Mimi huhesabu. Ni ugonjwa wa kazi. Ndiyo maana sisi waandishi wa habari tunawinda visawe usiku na mchana. Basi leo nataka tuzungumzie jinsi kompyuta inavyoweza kuviwinda yenyewe, bila kufundishwa maana ya neno hata moja.

Siri iko kwenye kamusi. Kila neno humo linaelezwa kwa maneno mengine, na hayo nayo yana maelezo yake. Chora mshale kutoka kila neno kwenda kwenye maneno yanayolieleza, utapata wavu. Vincent Blondel na Pierre Senellart walifanya hivyo kwa kamusi ya Kiingereza ya Webster ya 1913, wakaeleza njia yao mwaka 2002. Kamusi kuukuu hivyo ya nini? Haina tena hakimiliki, yeyote anajichukulia. Wavu wao ulikuwa na maneno zaidi ya 112,000 na mishale karibu 1,400,000!

Sasa njia yenyewe. Chukua neno moja, tuseme "toweka". Kusanya maneno yote ambayo "toweka" limetumika kuyaeleza, kisha kusanya yale yanayolieleza lenyewe. Huo ndio mtaa wake. Humo tafuta neno lililokaa katikati kama yeye: linasaidia kueleza maneno yaleyale, na linaelezwa kwa maneno yaleyale. Ni kama kumtambua ndugu wa mtu kwa kuangalia wanaokuja kwake na wale anaowaendea, hata kama hujawahi kumwona sura. Kompyuta hulipa kila neno alama, alama za majirani zinaongeza alama za jirani, inarudia na kurudia mpaka mambo yatulie. Njia hii ni jamaa ya ile aliyoibuni Jon Kleinberg mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kupanga kurasa za intaneti. Maneno ya aina ya "na" na "ya" hutupwa nje, maana hayo yanaingia nyumba ya kila mtu.

Matokeo? Kwa "disappear" lililoongoza ni "vanish". Safi kabisa. Kwa "sugar" zikaja cane, starch, milk... yaani muwa, wanga, maziwa. Wavu unajua nani anaishi karibu na nani. Kama ni pacha au jirani tu, haujui.

Na Kiswahili je? Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili tunazo, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981. Lakini kwetu kuna kazi ya ziada. "Alitoweka", "hawatoweki", "waliotoweka": kompyuta isiyojua viambishi itaona watu watatu wasiofahamiana. Lazima kwanza uyavue maneno nguo mpaka ufike kwenye shina. Halafu ukutane na "ua". Ua la waridi, ua wa nyumba, na ua la kutoa roho ya mtu! Usipoyatenganisha, wavu wako utapita bustanini na kutokea kwa wauaji.

Hata hivyo nautaka wavu huo wa Kiswahili, tena ningeutumia kila siku. Ningeutumia macho yakiwa wazi tu. Maana siwezi kushangaa ukiyaweka "sema", "dai", "kiri" na "bainisha" kwenye kapu moja, kwa kuwa hata binadamu wanafanya hivyo. Mhariri mmoja aliwahi kunibadilishia "alisema" kuwa "alikiri", eti neno lisijirudie. Mzee wa watu alikuwa anaeleza tu mahali alipokuwa siku ile. Kesho yake gazetini akawa amekiri. Amekiri nini sasa? Jirani zake hawakuuliza.

Ningeandika "alisema" mara kumi kuliko hiyo "alikiri" moja.

Na kuna jambo sijawaambia kuhusu ile orodha ya "disappear". Nyuma ya "vanish", karibu na juu kabisa, limo pia "die". Kwa hesabu za mishale ni sawa, maneno yale ni majirani. Haya, nenda kamweleze hivyo mama ambaye mwanawe ametoweka, na jioni bado anamwekea sahani.