Siku Kumi Katika Majabali ya Dodoma na Kondoa

Mtoto aliyekulia Mbagala au Tandika hudhani kwamba jiwe ni kitu kinacholetwa na lori. Ardhi yetu ni mchanga, na mawe tunayoyajua ni ya matumbawe au kokoto za kujengea. Basi vijana wa msikiti walipoanza kuonyeshana katika simu picha za watu wanaopanda majabali ya jangwani bila kamba, kamati yetu iliulizwa swali lisilokuwa katika ajenda: je, Tanzania haina mahali kama hapo? Mahali papo. Baada ya miezi ya kuchangishana tulifunga safari: vijana kumi na wawili, mabinti watano pamoja na mama wawili, ustadhi, na sisi tulioshika daftari la mahesabu. Hakuna shilingi ya mfuko wa msikiti iliyotumika. Tunalitaja hili mapema kwa kuwa mzazi mmoja alilisimamia kwa ukali mkutanoni, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imeifanya safari ya kutwa kuwa ya saa chache. Tuliondoka Alhamisi, na siku ya pili ikawa ya mapumziko, kwani tulikubaliana tangu nyumbani kuwa Ijumaa hakuna kupanda. Tuliswali katika Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010. Vijana wetu, waliozoea kuswali kwenye mikeka nje ya msikiti kwa kukosa nafasi, walibaki ndani muda mrefu baada ya swala wakitazama juu tu.

Kwa hesabu za wanajiografia Dodoma si jangwa. Ni nchi kame. Mvua yake ya mwaka ni kama milimita 600 au pungufu, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tulikwenda Julai. Mibuyu ilikuwa imepukutika, upepo ulipeperusha vumbi jekundu, na usiku ulikuwa na baridi ambayo mtu wa pwani huihesabu kuwa ugonjwa. Kila upande palikuwa na mawe ya itale, mengine makubwa kama nyumba, yakiwa yamebebana kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Miamba ya huko ni miongoni mwa ile ya kale sana duniani, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Joto, mvua na upepo vimeila katika nyufa zake, udongo ukachukuliwa, mawe yakabaki yakiwa ya mviringo.

Mchezo huu haukuhitaji kamba kwa sababu tulichagua mawe mafupi, ya mita tatu au nne. Chini huwekwa magodoro, na wenzako husimama nyuma yako wakiwa wameinua mikono. Kazi yao si kukudaka, bali kukuelekeza ukianguka ili kichwa kisipige jiwe. Sharti letu lilikuwa kwamba asipande mtu kupita kimo anachoweza kuruka kutoka juu yake. Wavulana walidhani kazi ni ya mikono. Kumbe jabali hupandwa kwa miguu, na mwenye kuvuta kwa nguvu huchoka kabla ya nusu. Wakati wake ni asubuhi na baada ya Alasiri, kwani jiwe likipata jua kali viganja hutoka jasho na kuteleza. Mabinti walikuwa na upande wao pamoja na mama zao. Kuna jiwe walilolimaliza wao ambalo wavulana walilishindwa siku mbili. Hatutasema zaidi, kwa kuwa wavulana nao husoma gazeti hili.

Fiqhi ya darasani ilipata mahali pake. Siku maji yalipobaki ya kunywa tu, kijana mmoja aliweka viganja juu ya jabali tupu ili atayamamu. Ustadhi alimzuia: kwa madhehebu yetu ya Shafii lazima pawe na vumbi, ingawa wako maimamu wengine wanaoruhusu jiwe. Dodoma tulipunguza swala. Kondoa, tulikonuia kukaa siku tano kamili, tuliswali kwa ukamilifu tangu tulipofika.

Kondoa ni mji wa Waislamu, na Warangi walitupokea kama jamaa waliochelewa. Wazee walitusimulia juu ya makorongo tuliyoyaona pembezoni mwa barabara, yenye kina cha kumeza lori. Ardhi ililiwa kwa ukataji wa miti na wingi wa mifugo hadi Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Majani na miti vilirudi. Lakini mzee mmoja alitwambia kwamba baba yake aliondoka na ng'ombe wake na hakurudi kuishi pale tena. Tuliona vilima vya kijani na tukamsikia yeye, na hatukujua tufurahie kipi.

Jumatano tulipumzika tukaenda Kolo, kaskazini ya mji. Huko kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu warefu wembamba, twiga, pofu, kwa rangi nyekundu iliyofifia. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 alikiita kwa jina lenye maana ya sanaa ya Afrika inayotoweka. Baadhi ya wataalamu huihusisha michoro hiyo na wahenga wa Wasandawe, ambao wangalipo wilayani Chemba wakisema lugha yao yenye sauti za kugonga ulimi.

Hapo ndipo palipotokea mjadala mkubwa wa safari. Kwanza, mama mmoja aliuliza kama inafaa Muislamu kwenda mahali ambapo mpaka leo watu hufanya matambiko. Ustadhi alijibu kuwa kutazama athari za waliopita si kushiriki ibada zao. Alitaja Thamudi waliochonga nyumba majabalini, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowataka Masahaba wapite makazi yao kwa kulia, lakini hawa wa Kolo, alisema, hatukuletewa habari ya adhabu yao, na kazi yetu ni adabu.

Pili, hatua chache kutoka kwenye michoro palikuwa na jiwe zuri kuliko yote tuliyoyaona. Vijana waliomba walipande. Kiongozi wa wageni alikataa, na kijana mmoja akalalamika kwamba michoro iko mbali nalo. Tulimweleza habari za Hueco Tanks, jangwa la Texas, ambako wapandaji kutoka duniani kote walikusanyika kwenye mawe yenye michoro ya wenyeji wa kale, hadi mwaka 1998 wakawekewa idadi na waongozaji. Unga mweupe wa mikononi, jasho, vumbi la miguu, jina la mtu lililokwaruzwa kwa msumari: rangi iliyokaa karne nyingi haina kinga dhidi ya hayo. Hakuridhika. Alikaa chini akalitazama lile jiwe mpaka wenzake walipomwita garini.

Anayetaka kwenda Kolo aanzie ofisi ya Mambo ya Kale iliyo kando ya barabara kuu, alipe kiingilio na apewe kiongozi. Avae viatu vinavyoshika, kwani mteremko ni mkali, na abebe maji ya kutosha.