Gari limebonyea: nilivyochagua gereji Nairobi

Leo naweka kompyuta pembeni kidogo, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona sijaenda mbali nayo. Nataka tuongee juu ya jambo ambalo karibu kila mwenye gari hapa Nairobi atakutana nalo siku moja. Gari likigongwa, unalipeleka wapi likanyooshwe?

Langu ni Toyota Fielder, rangi ya fedha. Mwezi wa tatu, kwenye foleni ya Naivasha Road pale Kawangware, matatu iliyokuwa ikijipenyeza upande wa kushoto ilinikwangua kuanzia mlango wa nyuma hadi kwenye bampa. Mlango ukabonyea, fenda ikaingia ndani juu ya gurudumu, bampa ikachanika. Matatu haikusimama. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Nilienda polisi nikachukua abstrakti, halafu nikabaki na swali langu. Gari hili ndilo linalompeleka mama hospitali kila wiki mbili, kwa hiyo haliwezi kulala gereji mwezi mzima. Na ni gari la kubeba mzazi, kwa hiyo haliwezi kutengenezwa ovyo.

Tuanze na bima, maana ndiyo kila mtu anayokuuliza kwanza. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakulazimisha kuwa na bima kwa ajili ya madhara utakayowasababishia watu wengine. Ukiwa na hiyo tu, bati la gari lako ni juu yako. Mimi nina bima kamili, kwa hiyo nilikaa chini nikapiga hesabu. Mkataba wangu unanitaka nilipe shilingi 20,000 za kwanza mwenyewe. Nikidai, mwaka ujao napoteza punguzo la kutodai, ambalo kwangu ni kama shilingi 12,000. Kwa kazi ya shilingi 39,000, bima ingelipa 19,000, mimi nipoteze 12,000, nibaki na faida ya 7,000. Na ili niipate ningesubiri mkadiriaji wa hasara aje, barua ziende na kurudi, kisha nipelekwe kwenye gereji iliyo katika orodha yao. Kwa ajali kubwa hesabu hii inageuka kabisa. Kwa mlango uliobonyea, nikaamua kulipa mwenyewe. Kabla hujapiga simu kwa bima, chukua kalamu kwanza.

Basi nikazunguka. Gereji kubwa ya Industrial Area iliniambia 96,000: wabadilishe mlango mzima, waweke bampa mpya, siku kumi. Jua kali karibu na Dagoretti Corner wakasema 21,000, siku mbili. Gereji ya wastani, iliyojificha nyuma kidogo ya Waiyaki Way, ikasema 39,000, siku tano. Gari ni lile lile na kidonda ni kile kile. Tofauti hii inatoka wapi?

Nilipoanza kusoma juu ya bati na rangi ndipo nilipoona jinsi kazi hii inavyofanana na yangu. Katika programu, mteja anaona skrini tu. Vitufe vinaweza kung'aa huku hifadhidata inaoza chini yake. Gari ni hivyo hivyo: rangi huja mwisho na kufunika kila kitu kilichofanywa kabla yake. Siku ya kulichukua, kazi ya 21,000 na kazi ya 96,000 zinaweza kuonekana sawa kabisa. Utazijua baada ya mvua za masika mbili.

Chini ya rangi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvuta na kugonga bati taratibu mpaka lirudi karibu na umbo lake, kisha kupaka filla nyembamba, milimita 3 hivi au pungufu, kusawazisha yaliyobaki. Ya pili ni kuacha shimo lilivyo na kulijaza filla. Njia ya pili ni ya haraka. Lakini filla nene hupasuka gari likitetemeka kwenye barabara mbovu, na ikiachwa wazi bila prima hunywa maji, kutu ikaanza kula bati kutoka ndani.

Jambo la pili lililonifungua macho ni joto. Kiwandani bodi huchovywa kwanza kwenye kinga ya kutu kwa nguvu ya umeme, halafu huokwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 140. Wakati huo ni chuma kitupu. Gari likishakuwa na viti, nyaya, plastiki na kompyuta, hakuna gereji inayoweza kuliingiza kwenye joto hilo. Hata zile zenye chumba maalum cha rangi hukausha kwa kama nyuzi 60. Kwa hiyo hakuna atakayekurudishia rangi ya kiwandani, hata umlipe nini. Chumba cha rangi kinakununulia hewa iliyochujwa vumbi, na hilo si dogo ukilinganisha na kupulizia rangi kando ya Naivasha Road.

Halafu kuna rangi yenyewe. Chini ya boneti la Toyota yangu kuna kibati kimeandikwa 1F7, ambayo ndiyo kodi ya rangi ya fedha. Nyeupe ya kawaida ni rahisi kulinganisha. Fedha ni kichwa ngumu, kwa sababu ina vipande vidogo vya metali vinavyolala tofauti kulingana na mkono wa fundi na bunduki yake. Fundi mzuri hakomei kwenye mlango uliogongwa. Huififisha rangi hadi kwenye mlango wa jirani ili jicho lisione mpaka.

Nikatengeneza maswali matano na kurudi kote nilikokuwa nimepita. Naweza kuja kuona bati likishanyooshwa, kabla ya filla? Filla itakuwa nene kiasi gani? Mtatoa taa, kishikio na mipira, au mtafunika kwa magazeti na tepu? Rangi inachanganywa kwa kodi gani, na mtaififisha mpaka wapi? Mtachomoa betri kabla ya kuchomelea, ili kompyuta ya gari isiungue?

Gereji kubwa walijibu maswali manne vizuri sana. La kwanza wakakataa: wateja hawavuki kioo cha mapokezi. Yule mzee wa Dagoretti Corner alinijibu kwa ukweli ambao nilimheshimu: "Mkubwa, hiyo bei ni ya filla. Ukitaka nivute bati, ongeza pesa na siku." Usimdharau fundi wa jua kali. Tangu ripoti maarufu ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya, wataalamu wamekuwa wakisema kwamba sekta hii inafanya kazi ya maana na inastahili kuungwa mkono. Alichokosa mzee yule ni paa na hewa safi. Ujuzi anao.

Wa Waiyaki Way akasema, "Njoo Jumatano saa nne, utalikuta uchi." Hapo nikachagua.

Kabla ya Jumatano nilishuka mjini, Kirinyaga Road, ile ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Grogan Road na watu wengi hadi leo wanaiita Grogan tu. Plastiki iliyochanika ni afadhali kuibadilisha kuliko kuiunga. Nikapata bampa ya mtumba kutoka Japani, rangi 1F7, kwa 8,500, na gereji ikaondoa kazi ya bampa kwenye bei yake.

Jumatano nililikuta uchi kweli. Mlango ulikuwa umenyooka. Lakini juu ya gurudumu fundi, ambaye aliniambia kazi alijifunzia hapo hapo Grogan, alinionyesha kitu ambacho hakikuwa cha matatu: filla nene ya zamani, na kutu chini yake. Kuna mtu aliwahi kuligonga gari hili kabla sijalinunua, likafunikwa vizuri, likauzwa likiwa linang'aa. Kuondoa kutu na kuchomelea kipande kipya kuliongeza 4,000. Nilipiga picha za kila hatua na kuziweka pamoja na risiti, kama tunavyohifadhi matoleo ya programu. Siku nitakayouza, mnunuzi akija na sumaku yake kutafuta filla, nitampa picha kabla hajauliza.

Rangi imetoka vizuri, si kamili. Ukisimama juani saa sita na kutazama kwa pembe, mlango unang'aa kidogo kuliko fenda ya mbele. Nimeridhika.

Sasa, usichukue uamuzi wangu mzima mzima. Mikwaruzo ya juu tu, fundi hodari wa jua kali anakutosha. Ngozi ikiingia ndani, tafuta gereji itakayokuruhusu kuona kabla ya rangi. Lakini kama ni mifupa, yaani nguzo za milango, chasisi, au mifuko ya hewa imefunguka, nenda kwenye vifaa vya kupimia bodi na udai bima yako yote. Chuma cha nguvu cha magari ya kisasa hupoteza uimara wake kikichomwa kwa moto wa gesi, na hilo huwezi kulinyoosha kwa nyundo. Vilevile kama gari lako ni jipya na lina rada nyuma ya bampa, waambie mapema, kwa sababu filla na rangi nene huweza kuitia upofu.

Na popote utakapokwenda, uliza lile swali la kwanza kabla ya kuuliza bei.