Kutoka D1 kwenda D2

Kuanzia Kariakoo hadi Posta, mshahara wa serikali ulikuwa na tabia zilizojulikana hata na wasioupokea. Mwenye duka la Mtaa wa Kongo alijua siku za mwezi ambazo mwalimu ananunua na zile ambazo anaomba kuandikiwa daftarini. Alijua pia kuwa Julai kuna kitu kidogo kinaongezeka. Mwalimu mwenye shahada aliajiriwa kwa ngazi ya mshahara wa walimu ya TGTS D1. Mwaka ukipita bila kosa, hati yake ya mshahara ilisoma D2, kisha D3, na baada ya miaka kadhaa akavuka kwenda daraja E. Muuguzi, karani na dereva walikuwa na ngazi zao zilizopanda kwa mwendo huohuo. Nyongeza yenyewe haikuwa kubwa, lakini mtu aliweza kuipigia hesabu: akakopa benki, akanunua kiwanja Mbagala, akampeleka mtoto sekondari. Mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza mwaka 2000 yalituambia kuwa kulipa kwa kufuata miaka ndio ugonjwa, na dawa yake ni kulipa kwa utendaji. Robo karne imepita, na mimi naona kinyume. Miaka kazini ilikuwa ahadi pekee ambayo mtumishi mdogo aliweza kuidai mbele ya bosi wake, na upimaji ulioletwa kushika nafasi yake haukuwahi kupewa fedha za kufanya kazi hiyo.

Haki itendeke: tulikotoka hakukuwa kuzuri. Zamani mkuu wa kazi aliijaza fomu ya siri, akaipeleka juu, na aliyeandikwa hakujua ameandikwa nini. Mfumo wa wazi wa upimaji, OPRAS, ulipoingia mwaka 2004 ulileta jambo la maana, kwamba mtumishi na msimamizi wake wakae pamoja, wakubaliane malengo mwanzo wa mwaka wa fedha, wayapitie katikati ya mwaka, na Juni watoe alama, 1 ikiwa bora kabisa na 5 dhaifu kabisa. Kwenye karatasi ni mpango wa haki. Lakini tazama kilichotokea kati ya alama na mshahara. Aliyepata 1 na aliyepata 3 walisubiri bajeti ileile, na ikama ikikosa nafasi wote wawili walibaki walipo. Muuguzi aliyeahidi kuhudumia wajawazito kadhaa hakuwa na mamlaka juu ya glavu wala dawa, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja alitia saini lengo la ufaulu ambalo nusu yake lilikuwa mikononi mwa wengine. Fomu isiyobadilisha mshahara hujazwa kwa sababu imeagizwa kujazwa, na ndiyo sababu fomu nyingi zilijazwa Juni kwa siku moja, malengo na matokeo kwa pamoja. Sasa karatasi imeupisha mfumo wa kompyuta, PEPMIS, unaomtaka mtumishi aingize kazi zake mwaka mzima. Kughushi kumekuwa kugumu zaidi, na hilo ni jema. Uzi kati ya alama na fedha bado ni mwembamba vilevile.

Mfanyabiashara wa Kariakoo ana pingamizi lake, nalo ni zito. Yeye asipouza hali. Kwa nini anayesinzia mezani apande sawa na anayejituma? Namjibu kwamba duka lina kipimo chake, nacho ni mauzo, na mnunuzi asiyeridhika anahamia duka la pili. Serikalini kazi iliyo rahisi kuhesabika ni kukusanya fedha, na Kariakoo yenyewe inajua uzito wa kipimo hicho. Mei 15, 2023 maduka yalifungwa, wafanyabiashara wakilalamikia kamatakamata na utitiri wa kodi, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakaa nao Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Sisemi mfumo wa mishahara ndio uliozaa mgomo ule. Nasema ofisa anayebanwa na lengo la makusanyo humbana aliye mbele yake, na ukilifunga lengo hilo kwenye mshahara wake utakuwa umekaza kamba mara ya pili. Anayesinzia ana dawa tangu zamani: sheria inaruhusu kuizuia nyongeza yake na kumfikisha kwenye nidhamu. Kilichokosekana ni wakuu wenye moyo wa kuitumia.

Thamani ya miaka ilionekana vizuri zaidi pale iliposimamishwa. Mwaka 2016 serikali ilizuia upandishaji wa madaraja na nyongeza ili kuhakiki watumishi. Uhakiki ulihitajika: watumishi hewa walipita 19,000, na Aprili 2017 ikatajwa orodha ya watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Siubishii hata kidogo. Lakini msafi naye alisimama pamoja na mwenye kosa, wengine kwa miaka, wakati bei ya mchele na kodi ya chumba Ilala hazikusimama. Mitaani watu walisema vyuma vimekaza, na daftari za madukani zikajaa majina yaliyochelewa kufutwa. Hakuna fomu ya OPRAS iliyomwokoa hata mmoja, hata aliyekuwa na alama 1 kila mwaka. Madaraja yalirudi kwa wingi mwaka 2021, na Mei Mosi ya 2023 pale Morogoro Rais Samia akatangaza kurudi kwa nyongeza ya mwaka. Waliorukwa wakaanza kupandishwa kwa mserereko, yaani kufikishwa daraja walilostahili, na hilo limewafuta machozi wengi waliobaki kazini. Aliyestaafu katikati ya kipindi kile hana pa kuserereka. Pensheni hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Kwa hiyo pengo la daraja alilonyimwa akiwa na miaka 58 limo ndani ya fedha anayopokea leo, na litakuwamo mwezi ujao, na kila mwezi atakaoishi.