Kuhama na Kuhamia

Kiswahili kina vitenzi viwili vya safari hii, kuhama na kuhamia. Cha kwanza kinatazama mahali panapoachwa. Cha pili, kwa kuongezewa kiambishi kifupi cha kauli ya kutendea, kinatazama mahali panapofikiwa. Kuhama ni kazi ya siku moja au mbili: mizigo hufungwa, dua husomwa, ndege huruka. Kuhamia ni kazi ya miaka. Hapa Toronto wako watu wa kwetu waliohama tangu miaka ya themanini ambao, ukiwasikiliza vizuri, bado hawajahamia. Na wako waliofika juzi ambao tayari wana mahali pao. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kinachowatofautisha, na jibu nililolipata si la kifalsafa: sehemu kubwa hutegemea mambo madogo ya mwaka wa kwanza, na lipi lilitangulia lipi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili unaosahaulika: inamtaka mwenyeji awe na jembe la kumpa. Katika jiji hili mwenyeji ni karatasi, na jembe la kwanza ni nambari ya bima ya jamii, yenye tarakimu tisa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Hiyo ndiyo nambari ambayo mwajiri atakuuliza. Hutolewa bure na serikali ya shirikisho, nayo haifai kutajwa ovyo, kwa kuwa mwovu anayeijua anaweza kukopa kwa jina lako. Jembe la pili ni kadi ya afya ya mkoa wa Ontario. Zamani mgeni alisubiri miezi mitatu kabla ya kutibiwa kwa kadi hiyo. Sharti hilo liliondolewa Machi 2020, wakati wa janga la Uviko, lakini nimekutana na wageni ambao jamaa zao waliendelea kuwaambia wangoje. La tatu, linalodharauliwa, ni kadi ya maktaba ya umma. Maktaba hiyo ina matawi 100 jijini, na humo mgeni hupata intaneti, joto, na kiti cha kukalia bila kuulizwa ananunua nini.

Kabla ya majembe hayo kuna jina. Wengi wetu tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Fomu za hapa hutaka jina la kwanza na jina la ukoo. Hivyo babu aliyefariki bila kupanda ndege huanza kuitwa kila siku katika ofisi za Toronto, na mama na mwanawe huonekana kama watu wasiohusiana. Si jambo la kuchekea. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo vikipishana kwa mpangilio wa majina au kwa herufi moja, kila ofisi itauliza upya kama ni mtu yuleyule. Ni vyema kuvilinganisha kabla ya kusafiri, na panapotofautiana kula kiapo mbele ya wakili huko huko nyumbani, ambako mashahidi wako wapo.

Kisha kuna nyumba. Kitenzi chetu kupanga kina maana mbili, kukodi na kuratibu, na hapa maana hizo hukutana. Sheria ya Ontario inamruhusu mwenye nyumba kudai kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya kodi ya mwezi wa mwisho. Haimruhusu kudai amana ya uharibifu. Mgeni asiyejua hilo hulipa na kushukuru. Lakini mwenye nyumba huyo ataomba pia barua ya mwajiri na taarifa ya mikopo, na mgeni hana hata moja. Ndiyo maana wengi wetu tulianzia katika vyumba vya chini ya ardhi huko Scarborough, au tukabanana na jamaa katika maghorofa ya Thorncliffe Park. Hakuna aibu katika hilo. Hatari iko kwa anayetuma pesa kutoka ng'ambo kwa ajili ya nyumba ambayo yeye hajaiona wala mtu anayemwamini hajaiingia.

Taarifa ya mikopo ndiyo inayotushangaza kuliko yote. Tumelelewa kwa methali isemayo kukopa arusi, kulipa matanga. Hapa, kampuni za Equifax na TransUnion humpa mkopaji alama kati ya 300 na 900, na mtu ambaye hajawahi kukopa hahesabiwi kuwa mwaminifu. Anahesabiwa kuwa hajulikani. Dawa yake ni kuchukua kadi ndogo ya mkopo, kununulia chakula ambacho ungekinunua hata hivyo, na kulipa deni lote kabla ya siku yake. Kwa Mwislamu, kulipa namna hiyo humwepusha kutoa riba, ingawa masheikh wana maoni tofauti kuhusu kutia saini mkataba wenye sharti la riba ndani yake.

Mambo yote hayo hufundishika kwa juma moja. Kazi haifundishiki hivyo. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, Kanada ilipokea zaidi ya 6,000 kati yao, wengi wakitua Montreal kwa ndege za kukodiwa. Miaka iliyofuata, wengine kutoka Tanzania na Kenya walijenga maisha yao Don Mills. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa Dar es Salaam, aliwaandikia riwaya yake No New Land mwaka 1991. Mhusika wake mkuu anagongana na swali ambalo msomaji wa leo analijua: una uzoefu wa Kanada? Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa sera inayosema kwamba sharti hilo, kwa kawaida, ni ubaguzi. Sera imesaidia. Swali halijafa, limejifunza tu kuvaa nguo nyingine.

Mpwa wangu, muuguzi kutoka Tanga, alilikuta likimsubiri. Nauli yake ilichangwa na ukoo mzima, na kila aliyechanga alikuwa na mtoto wa kusomesha au paa la kuezeka. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kufanya kazi ya ghala usiku, saa nyingi, na kuanza kutuma pesa mwezi wa pili. Au angeweza kufanya kazi siku tatu tu kwa wiki, akaishi kwa uchache, na kujiandaa kwa mtihani wa NCLEX-RN, ambao wauguzi wa Ontario wanaufanya tangu mwaka 2015. Nimewaona wengi walioshika njia ya kwanza kwa muda na wakabaki humo miaka kumi, kwa sababu pesa ikishaanza kwenda nyumbani haikubali kusimama.

"Mjomba, niamulie," aliniambia.

Sikumwamulia. Nilimwambia kwamba kama atachagua kusoma, ni lazima kwanza apige simu nyumbani aseme wazi kwamba kwa mwaka mmoja hatatuma kitu. Asiseme "mambo magumu kidogo" wala "nitaona mwezi ujao". Alikaa siku nne kabla ya kupiga. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwepo kabla ya hizo dola."

Si wote waliosema hivyo. Mwaka huo ulirefuka ukawa miezi kumi na tisa. Katikati yake bibi yake mzaa baba alifariki, naye hakuweza kusafiri, wala kuchangia mazishi zaidi ya dola hamsini. Wapo waliolikumbuka hilo kwenye matanga, na wapo wanaolikumbuka hadi leo. Sasa anafanya kazi wodini na anatuma kila mwezi, lakini hiyo haifuti siku ile, na yeye hajifanyi kwamba inaifuta.

Vijana wanaoniandikia kutoka Mombasa, Dar es Salaam na Goma huniuliza hatua za kufuata, nami huwaandikia: linganisha majina, chukua nambari, chukua kadi ya afya, usilipe nyumba usiyoiona. Lakini juu ya orodha naweka mazungumzo na waliochanga nauli, yafanyike kabla ya safari, wakiwa wamekaa pamoja, na kiasi na muda vikitajwa kwa tarakimu. Anayekuja na ahadi isiyo na kipimo huja na mwajiri wa pili asiyempa likizo. Aliyeruhusiwa kuchelewa ana nafasi ya kuhamia.