Watani wa Tura

Richard Burton, aliyepita Tura mwaka 1857 akielekea kwenye maziwa, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua, yaani kutua mzigo. Sina ugomvi naye katika hilo. Msafara uliotoka pwani ulikuwa umekwisha kuivuka Ugogo na hongo zake, kisha ukaikata Mgunda Mkali, nyika ya miiba na maji ya kubahatisha, na Tura ndiyo Unyamwezi ya kwanza kuupokea. Hapo mpagazi aliyekuja na frasila mbili begani alipata maji, mtama na habari za nyumbani. Na akishapata habari za nyumbani, mara nyingi miguu yake ilikwenda huko. Burton alilalamika kurasa kwa kurasa juu ya wapagazi waliopokea nguo za malipo ya mwanzo kisha wakaonekana hawapo alfajiri. Wala hakuwa peke yake, maana kila aliyeongoza msafara katika karne ile alikuwa na kilio hicho hicho.

Nayataja haya kwa sababu Tura ya leo, kata ya Wilaya ya Uyui na kituo kimoja katika Reli ya Kati kabla hujafika Malongwe na Nyahua, ingali inabishana juu ya jambo lile lile: nani kapokea malipo ya nani, nani kaondoka na mzigo wa nani. Tofauti ni kwamba mzigo wa siku hizi ni mpira, na pwani inayozungumzwa ni mitaa miwili ya Dar es Salaam, Msimbazi na Jangwani.

Mimi ni mtu wa Unguja na Tura ni ukweni kwangu. Huenda kusalimia katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, tumbaku imekwisha kuvunwa na watu wana nafasi. Kwa sadfa, huo ndio wakati dirisha la usajili linapokuwa wazi. Chini ya miembe, ambayo huku bara aghalabu ni alama kwamba misafara ilipita, hukaa wakulima, warina asali, vijana wa bodaboda na wazee wasio na haraka ya kwenda popote. Sisi tungesema ni baraza. Wao husema kijiwe. Kazi yake ni moja. Tofauti niliyoiona ni kwamba barazani kwetu mtu huweza kusema jambo akaliacha lielee, ilhali kijiweni Tura ukisema mchezaji fulani ameshuka kiwango utatakiwa ulete ushahidi: mechi ipi, dakika ya ngapi, nani alikuwa beki upande ule. Wengi wa watu hawa hawajawahi kuingia katika uwanja wowote wa Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 700 kwa reli. Wameujua mpira kwa redio kwanza, kisha kwa kibanda umiza. Lakini wakianza kupanga kikosi, nani aachwe, nani atolewe kwa mkopo, kiungo yupi miguu yake imekwisha kuzeeka ingawa pasi zake bado changa, utadhani unasikiliza makadhi.

Mwaka 2024 kesi ilikuwa ya Clatous Chama. Msomaji ambaye hafuatilii mpira na anione radhi kwa sentensi mbili tatu. Huyu ni Mzambia aliyekuja Simba mwaka 2018, akafunga lile bao la kisigino dhidi ya Nkana mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na jingine la mwisho mwisho dhidi ya AS Vita Machi 2019 lililoipeleka Simba robo fainali ya Afrika. Alikwenda Morocco mwaka 2021, akarudi Msimbazi Januari 2022, akapokewa kama mwana aliyepotea. Kisha Julai 2024 akavaa jezi ya Yanga.

Mjomba wa mke wangu, mrina asali na mtu wa Yanga tangu ujana wake, alitarajiwa afurahi. Hakufurahi. Alisema, "Mtani huchukua kuku. Hachukui mwana."

Jirani yake, mtu wa Simba, ambaye kwa haki ndiye aliyepaswa kulia, akamjibu, "Mwana wa nani, mzee? Yule ni kibarua. Hata wewe ulikwenda Urambo kulima tumbaku ya watu, na ulipopata tajiri mwingine ulihama."

"Nilihama baada ya mavuno," akasema mjomba.

Ikawa ndiyo mada ya wiki nzima. Haikuwa tena kama Chama angali na uwezo. Hilo lilimalizika siku ya kwanza, kwa kura nyingi kwamba uwezo upo ila mbio hazipo. Ilikuwa kama mtu aliyelipwa ana deni lolote linalobaki baada ya mkataba kwisha. Sijapata kusikia suala hilo likizungumzwa kwa makini kama pale, nami nimekaa katika vikao vingi vya watu waliosoma.

Jambo lililonivutia ni jinsi wanavyogawa hukumu zao. Mchezaji akienda nje hawamlaumu. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, na Tura nzima, pande zote mbili, walimhesabu kuwa wao alipokuwa Lubumbashi na alipokuwa Ulaya. Fiston Mayele aliondoka Yanga mwaka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, na klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2025 watu wa Yanga walishangilia kana kwamba kombe limeshushwa Jangwani. Safari ndefu husamehewa. Kisichosameheka ni safari fupi, ile ya kutoka Msimbazi hadi Jangwani au kinyume chake, ambayo mtu angeweza kuitembea kwa miguu kabla chai haijapoa.

Na ajabu ni kwamba ugomvi wote ulianza kwa safari fupi ya namna hiyo. Yanga iliundwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata kundi moja likajitoa na kuanzisha timu iliyopitia majina kadhaa, Sunderland likiwa mojawapo, hadi ilipoitwa Simba mwaka 1971. Yaani uhamisho wa kwanza ndio uliozaa watani wawili. Nililisema hili kijiweni, nikaambiwa kwa adabu kwamba wanalijua.

Magazeti huziita timu hizi watani wa jadi, na mwandishi huliandika neno hilo kama anavyoweka nukta. Tura neno hilo lina uzito mwingine. Wanyamwezi wana utani na Wagogo, wana utani na Wazaramo, na utani huo ulikomazwa na barabara ya misafara: watu waliokutana njiani kwa hofu, wakagombana, kisha wakaona ni nafuu kuugeuza ugomvi kuwa kanuni. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakweo na kukamata kuku wako. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kushika jembe, na katika msiba huo huo hukejeli maiti mpaka wafiwa wacheke. Huwezi kuwa na mtani usiyemhitaji. Nadhani ndiyo maana mjomba hakufurahi kuletewa Chama. Mtani aliyenyang'anywa kitu cha thamani hawezi tena kutaniana nawe vizuri. Huwa adui, na adui ni mtu wa kuchosha.

Waliniuliza pia kuhusu Feisal Salum, kwa kuwa mimi ni wa kisiwani na yeye ni wa kisiwani, kana kwamba tulikula sahani moja. Desemba 2022 kijana huyu aliandika kuvunja mkataba wake na Yanga na kurudisha fedha. Shirikisho la mpira likaamua mwaka uliofuata kwamba yu mchezaji wa Yanga bado. Miezi ikapita hachezi. Mpaka Juni 2023 ndipo akauzwa Azam. "Mkwe," akaniuliza kijana mmoja wa bodaboda, "ninyi watu wa visiwani mnasemaje? Alitoroka au alijikomboa?" Nilisema kwamba mkataba ni ahadi, na ahadi hulipwa. Nikaongeza kwamba ahadi ambayo mmoja anaweza kuuza na mwingine hawezi kuondoka si ahadi iliyo sawa. Mjomba akatikisa kichwa, akasema nimejibu pande mbili kama mtu wa pwani. Bado naamini jibu ni hilo.

Mama mwenye chai ndiye aliyeikata kamba. Alikuwa akitumimina siku zote hizo bila kutia neno. Akasema: "Na timu ya kwetu je? Wale wanane?"

Pakawa kimya.

Alikuwa akikumbusha tarehe 16 Agosti 2023. Mkoa wa Tabora ulikuwa umekaa miaka bila timu katika Ligi Kuu, tangu Rhino Rangers ishuke mwaka 2014. Kisha ikapanda Kitayosce, timu iliyokuja Tabora kutoka Kilimanjaro, ikajiita Tabora United. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Azam, Chamazi. Kwa sababu ya kifungo cha usajili, wachezaji walioruhusiwa kucheza hawakutosha, na timu ikaingia uwanjani na watu wanane. Azam walifunga mabao manne, matatu ya Feisal huyo huyo tuliyekuwa tukimjadili. Wachezaji wawili wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na sheria haikubali chini ya saba. Mwamuzi akamaliza mechi hata mapumziko hayajafika.

Hii ndiyo kesi kubwa ya usajili iliyopata kuigusa Tabora, na kijiwe cha Tura, chenye makadhi wake wote, hakikuwahi kuisikiliza. Walikuwa na habari. Lakini habari ilipita kama treni isiyosimama. Waliweza kukutajia beki wa akiba wa Yanga na kijiji alikozaliwa, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kutaja majina ya wale wanane. Mama mwenye chai aliweza kutaja mawili.

Sisemi haya kuwasimanga. Mpagazi wa Kinyamwezi alijulikana mpaka Bagamoyo kwa kubeba, naye alijivunia mzigo ingawa ndani yake hapakuwa na chake. Kushabikia timu ya Dar es Salaam ni mzigo wa namna hiyo, na watu hawa wameubeba vizazi vitatu kwa heshima. Kisiwani kwetu pia tuna timu zetu na ligi yetu, na siku Simba na Yanga zinapokutana nenda Darajani uone mtu anazungumza habari za nani.

Kisha ikaja tarehe 7 Novemba 2024. (Burton aliingia Kazeh, ambayo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, anayependa ishara na aichukue.) Tabora United ilikwenda Chamazi kucheza na Yanga, bingwa wa nchi, ikashinda 3–1. Katika kikosi chake cha msimu ule alikuwamo Heritier Makambo, aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga. Offen Chikola alikuwa miongoni mwa waliofunga. Wiki moja baadaye kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, alikuwa hana kazi.

Sikuwapo Tura; nilisimuliwa na shemeji yangu kwa simu, akicheka hata maneno yakimkatika. Watu wote wa Simba, alisema, siku ile walikuwa Wanyamwezi halisi. Hata wale Wagogo. Watu wa Yanga waligawanyika. Vijana walizima simu zao. Mjomba alirudi nyumbani akakaa kibarazani. Kabla giza halijaingia watani wakamfikia, wamebeba kuni na maji kama watu wanaokwenda msibani, mmoja amejifunga kanga kichwani analia kwa sauti ya kike. Wakatandika mkeka. Wakauliza marehemu aliugua nini. Mjomba, kwa desturi, hakukasirika. Alipokea kuni, akaagiza asali iletwe, akawajibu swali kwa swali mpaka usiku. Walipokwisha kuondoka ndipo akamwambia shemeji yangu, polepole, kama mtu anayetoa siri ya mtu mwingine: "Lakini vijana wetu wamecheza."

Neno "wetu" lilinikaa kichwani kwa miezi. Mjomba ameitumia "wetu" kwa Yanga maisha yake yote. Siku ile aliitumia kwa waliomfunga, na hakuna aliyemlazimisha.

Julai 2025 nilikwenda tena. Mambo yalikuwa yamegeuka kwa kasi ya soko. Chama alikuwa ameondoka Yanga baada ya msimu mmoja tu. Tabora United ilikuwa imeingia mikononi mwa mamlaka ya mapato, na msimu uliofuata ikacheza kwa jina la TRA United. Kijiweni walifanya mzaha kwamba sasa magoli yatakatwa kodi. Na Offen Chikola alikuwa amesajiliwa na Yanga.

Watu wa Simba walisimama na Tabora. Walisema kijana amenunuliwa ili asifunge tena, kwamba huo ni ubabe wa wenye mali, kwamba kila kinachochipua bara hupelekwa pwani, na hayo mtu wa pwani kama mimi aliyasikiliza akiwa ameinamia kikombe chake. Watu wa Yanga walisema kijana amepanda daraja, na nani asiyependa mwanawe apande? Hoja zote mbili zilikuwa na nguvu. Mama mwenye chai aliuliza kama timu imepata wa kuziba pengo, na safari hii watu wanne walijibu kwa pamoja, kila mmoja na jina lake, wakaanza kushindana juu ya majina hayo kama walivyoshindana zamani juu ya Chama.

Mjomba alikuwa kimya. Nikamuuliza, "Mzee, sasa Chikola ni wetu au ni wao?"

Akaniuliza ni "wetu" ipi niliyoikusudia. Kisha akasogea kwenye benchi ili mtu wa Simba apate pa kukaa.